Daktari akikwambia "kwa sasa siwezi kusema"

Mgonjwa kaletwa na saikosisi, yaani akili imeachana na uhalisia, anasikia sauti, anaamini majirani wanamfuatilia, ndugu wanauliza hii ni skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa muda mrefu, au siyo, daktari anajibu "kwa sasa siwezi kusema". Watu wanatoka pale wamevimba kwa hasira. Nawaelewa, mtu wako akiwa kwenye hali ile unataka jina upate pa kushika.

Na wanaotaka jina haraka wana hoja zao. Dawa za mwanzo karibu ni zilezile, antisaikotiki (dawa za kutuliza saikosisi), sasa kuvutana na majina kunasaidia nini? Tena hata miongozo yenyewe ya kutambua magonjwa haikubaliani, DSM-5 ya Wamarekani inataka ugonjwa uwe umedumu miezi 6 ndo uite skizofrenia, ICD-11 ya WHO inaridhika na mwezi 1. Yaani mtu huyohuyo, wiki ya nane, kwa hawa anayo kwa wale bado. Inachekesha kidogo, nakubali.

Ila ile miezi 6 haikuwekwa kwa kupenda makaratasi jamani. Dalili zikiwa zimepita mwezi lakini hazijafika miezi 6, DSM-5 inaita skizofrenifomu, na inasema kama theluthi moja ya wanaopewa jina hilo kwa muda wanapona ndani ya miezi hiyo. Theluthi! Hebu fikiria watu watatu kwenye benchi, wote wiki ya tano, wote wanasikia sauti, na kwa wastani mmoja wao ataamka siku moja yameisha, ila hamna kipimo cha damu wala picha ya ubongo ya kukwambia ni yupi, kuna kalenda tu. Ukiwagongea wote muhuri leo, huyo mmoja anaubeba bure, na jina likishaandikwa kwenye faili kila daktari anayefuata anaanzia hapo. Wale wawili je? Wengi wao wataishia skizofrenia au skizoafektivu (saikosisi iliyochanganyika na ugonjwa wa mudi, yaani wa hisia) kweli, lakini hawajapoteza kitu kwa kungoja jina maadamu dawa wanakunywa.

Afu hiyo ya "dawa ni zilezile" inakwama kwenye baipola, ugonjwa wa mudi kupanda na kushuka kupita kiasi. Daktari anayejua kazi habishani na sauti, anauliza zilianza lini, na siku zile ulikuwa unalala masaa mangapi. Mtu akisema alikuwa analala masaa mawili na hachoki, ana mipango kumi kwa mpigo, anaongea hadi watu wanamkimbia, na sauti zilikuja katikati ya hayo na kuondoka nayo, hapo unafikiria baipola, unafikiria lithiamu, dawa ya kutuliza mudi, siyo antisaikotiki peke yake. Sauti zikibaki wiki 2 au zaidi mudi ikiwa imetulia, ndo unaanza kuwaza skizoafektivu. Hayo yote huyapati kwa kumwangalia mtu siku moja.

Kosa la madaktari nalijua, hawaelezi. "Siwezi kusema" inasikika kama "sijui", au mbaya zaidi "rudini nyumbani mngoje", wakati saikosisi ikikaa muda mrefu bila dawa matokeo yanakuwa mabaya. Kinachongoja ni jina, dawa zinaanza leoleo, na hiyo ni sentensi moja tu ya kuwaambia ndugu. Ya pili ni kuwaomba waanze daftari: tarehe, kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, sauti zipo au zimekata. Mwezi ujao daktari ataliomba daftari hilo kabla hata hajamgeukia mgonjwa.