Skwiza au mpini wa maji? Uliza kwanza maji yenyewe

Kazi ya kwanza niliyofanya kwa mpini wa maji niliirudia yote kwa mkono. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili Kigamboni, Dar es Salaam, madirisha mapana yanatazama bahari, na mwenye nyumba alikuwa na kisima chenye pampu isiyochoka. Mpini tulikuwa tumeazima: brashi juu, mpira wa maji unapita ndani, vipande vinachomoka kimoja baada ya kingine mpaka unafikia dirisha la juu ukiwa umesimama chini. Mitungi ya kuchujia maji haikuja nao. Nikaona kisima kinatosha. Saa tisa alasiri tulikuwa tumemaliza kazi niliyoipangia siku mbili, na vijana walicheka njia nzima mpaka kwenye kivuko. Asubuhi simu ikaita. "Kijana, njoo uone ulichonifanyia."

Kila kioo kilikuwa kimeota madoa meupe, kama ngozi yenye mba. Tulirudi na siki, sponji na skwiza, kile chombo chenye ulimi wa mpira wa kuvutia maji, tukafuta kioo kimoja kimoja juu ya ngazi, nauli na chakula vikitoka mfukoni mwangu.

Ndiyo maana mabishano ya wasafisha madirisha, skwiza au mpini, huwa nayasikiliza nikiwa na swali langu pembeni. Vijana hubishania kasi na urefu. Wakongwe wa kazi hubishania kung'aa. Mimi nauliza maji yametoka wapi, maana tofauti halisi ya vyombo hivi viwili imejificha hapo: skwiza inaondoa maji kwenye kioo, mpini unayaacha yakauke yenyewe.

Skwiza kila mtu ameiona, kama si kwenye kioo cha duka basi mikononi mwa vijana wanaofuta magari kwenye mataa. Umbo lake la leo lilitoka kwa Ettore Steccone, Muitaliano aliyehamia Marekani na kufuta madirisha kwa ajili ya riziki. Mwaka 1936, mjini Oakland, alitengeneza skwiza nyepesi ya shaba yenye ulimi mmoja wa mpira, badala ya lile dude zito la chuma lenye ndimi mbili na skrubu 12 ambalo wenzake walikuwa wakihangaika nalo. Miaka imepita, na mtu akikupa skwiza mpya leo huhitaji kuelekezwa ni kitu gani kimebadilika, kwa sababu ni kidogo mno.

Siri yake ni kwamba ulimi ule unakokota maji, sabuni, vumbi na chumvi kwa pamoja kabla havijapata nafasi ya kukauka. Kwa hiyo maji ya bomba yanafaa, ya kisima yanafaa, hata ya boza ambalo hujui limejazia wapi yanafaa. Unatia matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye ndoo, unalowesha kioo, unavuta, unafuta kingo kwa kitambaa kikavu. Ndoo ya lita 20 inakwenda mbali, ukiibadilisha maji yanapokuwa ya kahawia. Mkono ndio unaotaka muda. Kijana mgeni anaacha mistari kwenye kila mvuto kwa wiki kadhaa, na mpira ukishapata mkato mdogo usiouona kwa macho, mstari unautafuta kwa fundi kumbe uko kwenye chombo.

Mpini unafanya kinyume kabisa. Hakuna sabuni, hakuna kitambaa. Brashi inasugua, maji yanasuuza, fundi anahamia dirisha la pili na la kwanza linabaki likichuruzika. Litakauka bila doa kwa sharti moja: maji yawe hayana kitu ndani yake. Mfano ulio karibu nasi ni maji ya betri, yale yaliyosafishwa, si asidi. Ukiyamwaga kwenye kioo safi, yanapokauka hayaachi alama, kwa sababu hayakuwa na cha kuacha.

Kipimo chake ni TDS, yaani miligramu za chumvi na madini yaliyoyeyuka katika lita moja. Wauza maji ya kunywa wanacho kile kikalamu cha kupimia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, maji yaliyo chini ya 600 yana ladha nzuri, na yakipita 1,000 mtu anayanywa kwa kujilazimisha. Mwenye mpini anatafuta sifuri, na akishapita 10 ajiandae kuona madoa. Maji matamu kabisa ya kunywa, kwake yeye ni machafu. Piga hesabu ya kisima chenye TDS ya 1,000: kila lita ina gramu moja. Mpini hutumia kama lita moja hadi tatu kwa dakika, kwa hiyo lita 500 kwa siku si jambo la ajabu. Hiyo ni nusu kilo ya chumvi na chokaa uliyoipandisha wewe mwenyewe kwenye ukuta wa mteja. Nyingi itateremka na maji, ila ile kidogo inayoganda ndiyo inayopiga simu asubuhi.

Kuifikia sifuri kuna mashine ya RO, ndugu ya zile za wauza maji ya kunywa, inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba na kuacha sehemu kubwa ya chumvi nyuma. Kisha kuna rezini, punje ndogo ndani ya mtungi zinazonasa kile kilichobaki. Rezini peke yake inaweza kufanya kazi yote, lakini inachoka kadiri inavyolishwa: maji yenye chumvi mara mbili yanaimaliza kwa nusu ya muda. Huko Uingereza, ambako mpini umeenea mno, fundi wa Scotland mwenye maji laini ya bomba anaweza kuishi na rezini tu, wakati mwenzake wa London, ambako maji ni magumu, ni afadhali aanze na RO. Sisi wa Dar tunaweza kuwa na hali zote mbili ndani ya wilaya moja. Nyumba hii inapata maji ya mto Ruvu kutoka DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, ya jirani inakunywa kisima cha chumvi.

Na RO ina deni lake. Kwa kila lita safi inayotoka, lita nyingine au zaidi inamwagwa ikiwa na chumvi iliyokusanyika, na maji yakiwa ya chumvi sana inamwagwa zaidi. Inataka msukumo, yaani pampu na umeme. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua na Dar ikaingia kwenye mgao, nilikuwa na kazi mbili za mpini nikazihamishia kwenye ndoo. Sikutaka kusimama mtaani nikirusha maji ukutani huku akina mama wamepanga madumu. Mpini ni chombo cha mji wenye maji ya uhakika, na ukweli huo hauandikwi kwenye maboksi yake.

Mpaka hapa inaonekana kama natetea skwiza. Lakini twende kwenye dirisha lenyewe. Video nyingi za kufundisha kazi hii zinaonyesha kioo kipana kisicho na kitu mbele yake. Dirisha la Dar lina nondo. Grili ikiwa upande wa nje wa kioo, skwiza haina pa kupita. Unaishia kupenyeza mkono na kitambaa kati ya nondo, kipande kwa kipande, na vidole vinachubuka. Brashi ya mpini inapita hapo bila shida, maji yanasuuza kioo na nondo kwa pamoja, na unaondoka. Luva nazo ni hivyo hivyo. Kwa nyumba zenye grili za nje, mimi siuoni ushindani.

Chumvi ya bahari nayo iko upande wa mpini. Msasani, Oysterbay, Masaki, upepo wa kusi unapuliza ukungu wa chumvi kwenye vioo, na chumvi hiyo haihitaji nguvu, inayeyuka tu. Maji yasiyo na kitu yanainyonya haraka. Halafu kuna jua letu. Saa sita mchana kioo cha upande wa jua kina moto kiasi kwamba sabuni inakauka kabla skwiza haijafika chini, ndiyo maana mafundi wa skwiza huzunguka nyumba wakifuata kivuli. Mwenye mpini hana wasiwasi huo, kwa kuwa maji yake yanaweza kukauka popote yakitaka.

Wavu wa mbu unaharibu hesabu kidogo. Ukiwa nje ya kioo, brashi inaulowesha, vumbi la mwaka mzima linashuka kama chai na kurudi kwenye kioo ulichosafisha. Lazima utolewe kwanza, na wavu wa ghorofa ya pili haushuki wenyewe. Madirisha ya kuslaidi pia yana mfereji chini uliojaa mchanga. Maji mengi yakiingia pale yanatokea ndani, kwenye mapazia. Siku hizi kabla ya kufungulia maji tunamwomba mwenye nyumba afunge madirisha yote na kuvuta mapazia pembeni, na bado kila mara kuna moja lililosahaulika.

Hoja nzito zaidi ya mpini ni miguu kubaki ardhini. Uingereza ilipoweka kanuni za kazi za juu mwaka 2005, haikupiga marufuku ngazi. Ilisema kazi inayoweza kufanyika bila kupanda ifanyike bila kupanda, na hilo liliusukuma mpini mikononi mwa wengi. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wa OSHA wa kuisimamia, lakini kwenye nyumba za watu binafsi kinachosimamia mara nyingi ni kijana mmoja aliyeshika ngazi na mwingine aliyeipanda na ndoo. Ngazi juu ya pevingi zilizomwagikiwa sabuni sitaki tena kuiona. Kama kijana wangu anaweza kufanya kazi ya ghorofa ya pili akiwa amesimama kwenye nyasi, shingo ikimuuma jioni, nachagua shingo.

Ila usalama huo una kona yake mbaya. Juu kuna waya. Mipini mizuri, ile miepesi, ni ya kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Alumini inapitisha pia. Maji safi yenyewe hupitisha umeme kidogo sana, lakini yakishachanganyika na vumbi na chumvi ya ukutani hayabaki safi. Kwenye mitaa kama ya Kariakoo, ambako waya zinapita karibu na vibaraza, mpini wa mita nane unaoyumba na upepo ni hatari kuliko ngazi. Hapo siutoi kwenye gari. Mzee mmoja wa Bagamoyo niliyefanya naye kazi aliuita upondo, na alikuwa na haki: ukishaurefusha unapinda na kukuyumbisha kama upondo wa mtumbwi, na wewe ndiye unayeendeshwa.

Kwa majengo marefu kweli mabishano yanakufa. Jengo la Mamlaka ya Bandari lina ghorofa 40, Britam Tower ya Nairobi ina mita 200. Mpini mrefu unaobebeka unafika ghorofa za chini chache tu. Huko juu ni kamba au gondola, lile jukwaa la kuning'inia, na aliyening'inia hubeba skwiza na ndoo ndogo, vyombo vilevile vya Steccone.

Ndani ya nyumba pia hakuna mjadala, ni skwiza. Na jengo jipya ni skwiza pamoja na wembe: rangi iliyoruka, silikoni, tone la simenti, brashi itavipapasa tu. Simenti nayo isisubiri, maana inakula kioo. Hata nyumba ya zamani ambayo haijaguswa miaka miwili, mara ya kwanza naifanya kwa mkono, fremu zikisuguliwa, ndipo mpini uchukue zamu zinazofuata.

Kuna njia ya kati ambayo wajuzi wanaidharau: skwiza iliyofungwa kwenye mpini wa alumini wa kurefusha, bila mpira wa maji. Kwa maduka yenye vioo vikubwa vya ghorofa ya chini na ya kwanza, inatosha kabisa. Pembe za juu hazitoki safi kama kwa mkono, lakini mteja wa duka anaangalia kutoka barabarani.

Na wateja ni sehemu ya hesabu. Ukimaliza na skwiza, kioo kikavu kinajieleza. Ukimaliza na mpini, unamwachia mama mwenye nyumba madirisha yanayodondosha maji, naye anakuuliza, "Sasa baba, hivi ndiyo mmemaliza?" Unamwomba asubiri robo saa. Wengine wanasubiri. Wengine wanachukua kitambaa wafute wenyewe, na mistari ya kitambaa chao unaandikiwa wewe.

Kijana akiniuliza anunue nini kwanza, namwambia anunue skwiza nzuri na mipira ya akiba, halafu kikalamu cha TDS, azunguke nacho mtaani kwa wateja wake miezi mitatu akiandika namba. Mpini wa kaboni baadaye. Nimeona watu wakianza na mpini kwa mkopo, kisha wanagundua kuwa wateja wao wote wana visima vya chumvi na rezini inakula faida. Mwenye pa kukinga mvua ana nafuu: maji ya masika, ukiacha ya mwanzo yanayoosha bati, yana TDS ndogo sana, na rezini inayasafisha bila kuchoka haraka. Mimi nina simtank mbili nyuma ya nyumba kwa kazi hiyo.

Mwenye nyumba wa Kigamboni bado ni mteja wangu. Nje tunatumia mpini, na maji tunakwenda nayo kwenye gari. Ndani ni skwiza. Kisima chake tunakitumia kuoshea baraza.