Nilivyozama Mbele ya Mgeni Rasmi

Kwa kuwa swahiba wangu, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu bado namdai, ameshawatangazia watu wa Mwanga na Ujiji kwamba nilimzamisha mgeni rasmi ndani ya karai la mawese, naomba nisahihishe habari hiyo kabla haijavuka Ziwa Tanganyika na kufika Kalemie, upande wa Kongo. Mgeni rasmi hakuzama. Alilowa mapaja tu, pamoja na sehemu ya kifua. Aliyezama ni mimi.

Sisi wapenzi wa historia ya meli tulikutana hapa Kigoma Jumamosi iliyopita. Asubuhi yote ilitawaliwa na ndugu zetu waliotoka Dar es Salaam, ambao kwao hakuna meli iliyowahi kuelea duniani isipokuwa Titanic: mara urefu wake wa mita 269, mara bomba lake la nne ambalo halikutoa moshi wa tanuri bali lilitumika zaidi kupitishia hewa. Walikuwa hata wameleta fulana zenye picha yake. Niliwasikiliza kwa adabu, lakini rohoni nilikuwa natokota, maana sikuona haki meli iliyoshindwa kumaliza safari yake ya kwanza isifiwe hadi saa ya chai, ilhali ziwa lililo mbele ya madirisha yetu lina meli iliyozama mara mbili na mara zote mbili ikainuliwa.

Mada yangu ilikuwa hiyo Liemba. Wenyeji mnaijua hadithi yake, kwa hiyo sitawachosha: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande na kufungashwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi huku, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani, walipoona mji unawaponyoka, waliipaka mitambo yake grisi nzito, wakaijaza mchanga na kuizamisha karibu na mlango wa Mto Malagarasi, kwa matumaini ya kuirudia. Hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, dhoruba ikaizamisha tena, na Waingereza walipoiinua mwaka 1924 waliikuta mitambo bado inafaa, hata mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Hoja yangu nzima ilikuwa grisi.

Mtu mwingine angetosheka na picha ukutani. Mimi nilitaka mfano wa vitendo. Nilitumbukiza makufuli mawili ndani ya karai la maji na mchanga tangu katikati ya wiki, moja likiwa tupu na jingine likiwa limepakwa mawese mazito ya chini ya dumu la shangazi yangu. Mawese badala ya grisi, kwa sababu nilitaka wageni wainuse Kigoma yenyewe. (Mnaoanza kucheka, vuteni subira, bado hatujafika.)

Nilipanda jukwaani nikiwa na suti nyeupe niliyoshonesha ili nifanane na nahodha. Nikalitoa kufuli tupu, nikaingiza ufunguo, likagoma. Nikalitoa lile la mawese, nikazungusha ufunguo mara moja, likafunguka kwa mlio uliosikika hadi nyuma ya ukumbi. Watu walipiga makofi, na hata wale wa Titanic walipiga makofi! Laiti ningeshukuru na kwenda kuketi. Badala yake niliamua kuliinua karai ili walioketi nyuma waone jinsi mafuta yanavyoelea juu ya maji.

Mikono yangu ilikuwa myekundu hadi viwiko, nayo iliteleza kwenye ukingo wa karai kama ya mtu anayeshika kambare. Mkono wa kulia ndio uliotangulia kuachia. Niliyaona maji yakikusanyika upande mmoja bila haraka yoyote, kisha mchanga ukiyafuata, kisha lile tabaka jekundu la juu likijivuta taratibu kuelekea meza ya mbele. Mgeni rasmi aliinua macho kutoka kwenye ratiba. Kanzu yake ilikuwa nyeupe kuliko suti yangu. Alipata nafasi ya kusema, kwa upole kabisa, "Mwalimu, naona..." na sentensi yake haikumalizika mpaka leo, kwa sababu wimbi lilikuwa limeshatua mapajani mwake.

Mimi nilipiga hatua ili nilidake karai. Mguu ulikanyaga mawese yaliyokuwa yametangulia kwenye vigae, mwingine ukaufuata, na nikaenda chini nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili mbele ya hadhara. Karai lilifika sakafuni kabla yangu, likakaa sawa likiwa na mchanga wake, nami nikaketi ndani yake kwa kipimo kamili. Juu ya kichwa changu, ukutani, palikuwa na maandishi niliyoyaandaa kwa mkono wangu: "Yazamishwa kwa uangalifu mkubwa, 26 Julai 1916."

Ukumbi ulinyamaza. Kisha mzee mmoja, ambaye ujana wake aliumalizia katika chumba cha mitambo cha Liemba, akasema bila hata kunyanyuka: "Msimguse. Grisi ameshajipaka, mchanga anao. Tutamwinua baada ya miaka minane."

Yaliyofuata hayana maana kubwa. Waliinuka kunisaidia waliokuwa bado na nguvu za kusimama. Mama mmoja wa jikoni alinipa kitenge nijifunge. Kanzu mpya nimeshainunua, maana doa la mawese halina dobi. Kinachoniuma ni kwamba mgeni rasmi hakuwa na nguo ya kubadili, wale wa Dar es Salaam wakamkimbilia kwa ukarimu wote, na hotuba ya kufunga mkutano wa wapenzi wa meli uliofanyika Kigoma ikatolewa na mtu aliyevaa fulana ya Titanic. Ndiyo picha pekee ya mkutano inayosambaa.

Kufuli la mawese ninalo mezani hapa, na bado linafunguka. Asiyeamini aje alijaribu.