Sauti ya nyanya ndani ya chupa

Binti wa dada yangu alijifungua Kisauni mwezi uliopita. Siku ya tisa akanitumia ujumbe wa sauti, kichanga kinalia nyuma yake: "Khalati, ukimpata mtu anayekuja Mombasa mpe chupa mbili za dawa ya mchango. Ya huko huko Uingereza. Za hapa siziamini."

Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu. Nakaa Nottingham, mwaka wa 11 sasa, na ni katika mji huu ambapo mwaka 1851 mfamasia William Woodward alianza kutengeneza dawa ya mchango, yaani ya msokoto wa tumbo la kichanga, iliyokuja kuenea duniani, Woodward's Gripe Water. Alitia mafuta ya shibiti, bikaboneti, sukari, na pombe. Pombe yenyewe ilifika asilimia 3.6, na hapa Uingereza haikuondolewa mpaka miaka ya 1990. Nilipomsimulia mamangu kwa simu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Na ikaitwa maji."

Lakini kilichonikaa rohoni si pombe tu. Ni maneno ya tangazo lake: nyanya alimwambia mama, na mama akaniambia mimi. Mwenye kuuza alijua kwamba mzazi aliyekesha siku tatu hamsikilizi muuza duka, anamsikiliza nyanyake. Basi akaiazima sauti ya nyanya, akaitia kwenye chupa.

Mimi nimelelewa sauti hiyo ikiwa hai. Nyumbani kwetu Kibokoni mamangu alikuwa na kabati dogo la kioo. Rafu ya juu Zam-Buk, Vicks, mafuta ya nyonyo, habasoda, na mvuje ndani ya kopo lililofungwa kwa mfuko wa plastiki mara mbili, na bado harufu yake ilikulaki mlangoni. Kipande cha mvuje kilifungwa kwenye kitambaa cheusi, kikavishwa mtoto mkononi. Rafu ya chini ndiyo ya vitu vya dukani: poda, sabuni, dawa ya mchango ya chupa, kopo la maziwa lenye picha ya mtoto mnene. Rafu ile ya chini ndiyo iliyoonyeshwa wageni. Nakumbuka jirani akimsifu mama kwa kopo la maziwa, kwamba mwenye uwezo haoneki ila kwa mtoto wake. Hakuna aliyemsifu kwa mvuje.

Na kazi iliyoahidiwa na chupa ilikuwa ikifanywa na mikono. Dada yangu alipozaa mtoto wa kwanza, alikuja mama mmoja kutoka Majengo kila asubuhi kwa siku arubaini. Anachovya taulo kwenye maji ya moto, analikamua huku akisema bismillahi, analikandamiza mgongoni, nyongani, tumboni, kisha anamfunga mzazi tumbo kwa leso. Uji wa pilipili manga unangoja kwenye bakuli. Halafu zamu ya mtoto: mafuta kidogo ya simsim kiganjani, anamsugua tumbo kwa mduara, anamkunja magoti yaguse tumbo, anayanyoosha, anayakunja tena, mpaka mtoto ajambe na sote tucheke. Mtoto alilala. Mamake pia alilala, kwa sababu kulikuwa na wanawake wanne nyumbani wa kumpokea.

Watu wa kwetu wana imani kwamba dawa ya Mzungu imepimwa tangu mwanzo. Sivyo. Dawa ya kutuliza watoto iliyopendwa sana Marekani tangu 1849, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ilikuwa na mofini, dawa ya kulevya itokayo kwenye afyuni. Mtoto alitulia, na wengine hawakuamka. Mpaka sheria ya 1906 ndipo wauzaji wakalazimishwa kuandika kwenye chupa kama kuna mofini au pombe ndani. Hapa Uingereza kina mama walinunua unga wa kumpa mtoto anayeota meno, ndani yake mna kalomeli, nayo ina zebaki. Watoto walipata ugonjwa wa viganja na nyayo kuwa nyekundu, ngozi ikichunika, wakilia usiku na mchana. Unga ule uliondolewa sokoni 1954 na ugonjwa ukatoweka karibu kabisa. Kina mama wale walikuwa na mapenzi kama ya mamangu. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kilichomo, asiyekuwa na faida katika kuuza.

Maziwa ya kopo nayo yana kisa chake. Mwaka 1974 shirika la War on Want la hapa Uingereza lilichapisha taarifa iliyoeleza jinsi kampuni zilivyowatumia wanawake waliovaa kama manesi kuwauzia maziwa kina mama wa nchi zetu. Kwanza sauti ya nyanya, sasa nguo ya nesi. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni dhidi ya matangazo hayo 1981. Kenya ilitunga sheria yake 2012. Miaka 31 katikati! Hesabu ni watoto wangapi walizaliwa hapo Makadara na Bondeni katika muda huo.

Nilipojifungua mimi hapa, mkunga alikuja nyumbani siku ya pili na mzani wake mkononi. Hakuwa na kitu cha kuuza. Alipoona wanja machoni mwa mwanangu aliniuliza umetoka wapi, akaniambia wanja mwingi wa aina ile una risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Niliudhika, nikaona anaidharau nyanyangu. Nikaufuta jioni ile ile, na leo nasema wazi alikuwa amesema kweli. Kuheshimu ya kwetu si kufumba macho.

Ila mkunga alikaa dakika 20 akaenda zake. Likizo ya mume wangu ilikuwa wiki 2. Siku ya kumi na tano nilikuwa peke yangu na mtoto analia, mvua dirishani, na nikajikuta kwenye duka la dawa nikinunua chupa. Siku ile nilimwelewa mama wa Kiingereza wa zamani kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu.

Ndiyo maana ombi la mwanetu lilinishtua. Sasa sauti inayoazimwa ni yangu. Khalati yuko Uingereza, akituma kitu basi ni kizuri. Hata wauzaji wa kwenye simu zetu za Mombasa wameshalijua hilo, kila kopo limetoka "ng'ambo".

Sikutuma chupa. Nilimpigia, nikamwambia ampeleke mtoto kliniki apimwe, na kwamba kichanga cha siku tisa kikipata homa hakingojewi kesho. Kisha nikamtumia dada yangu hela kwa M-Pesa, akamtafute mama wa kukanda. Yule wa Majengo amezeeka, lakini bintiye ameishika kazi. Ameanza Jumatatu.