Medi azi e hata

Jamani ada ya inglishi midiam inauma. Nailipa kwa kuuza kofia za mtumba, kapelo buku tatu, pama buku tano na hapo mteja kashalia njaa wee, halafu mtoto huyohuyo ninayemlipia ananitukana sebuleni kwangu na mama yake anapiga makofi.

Ilikuwa hivi. Umeme umekata, nimenunua tokeni, naingiza zile namba ishirini kwenye mita, inakataa, narudia, inakataa, basi nikaanza kuongea nayo kiutu uzima, nikaibembeleza, nikaiuliza kama na yenyewe ina watoto. Binti yangu wa darasa la sita kaegemea mlango, akamwambia mdogo wake, "dadi izi medi azi e hata." Nikasubiri amalizie. Hata nini? Maana hata ninayoijua mimi haitembei peke yake, ni hata kidogo, hata kama, hata wewe. Kimya. Mama yake ndo kwanza anatabasamu, eti sikia mwanao anavyoteleza na ung'eng'e. Angesema kwa Kiswahili muda huo ningekuwa natafuta kandambili.

Nikajiunga bando la usiku nikaitafuta. Kumbe inaandikwa mad as a hatter, kichaa kama mtengeneza kofia. Kofia! Yaani katoto kamepita maneno yote ya duniani kakatua kwenye kibanda changu.

Sasa soma kisa chake uone. Wazungu zamani kofia zao nzuri zilikuwa za manyoya ya sungura na ya biva, yule mnyama wa mtoni, na ili manyoya yashikane vizuri walikuwa wanayapaka zebaki iliyoyeyushwa kwenye asidi, yanageuka rangi ya machungwa, mpaka wenyewe wakawa wanaita kupaka karoti. Halafu yanapikwa na maji ya moto, yanakandwa, yanapigwa mvuke, mafundi wamo ndani humohumo wanavuta ule mvuke wa zebaki kutwa, mwaka baada ya mwaka. Matokeo yake mikono inatetemeka, mate yanachuruzika, mtu anakuwa na aibu ya ajabu hataki hata kuangaliwa, na ukimgusa kidogo tu analipuka. Kule Marekani kuna mji unaitwa Danbury, Connecticut, ulijaa viwanda vya kofia, ugonjwa ukapewa jina la mji, mtetemeko wa Danbury. Zebaki kwenye kofia walikuja kuipiga stop 1941! Na msemo wenyewe ulishachapwa kwenye jarida la Scotland tangu 1829, kabla hata ya yule Mtengeneza Kofia wa kwenye kitabu cha watoto cha Alice in Wonderland cha 1865 ambaye wengi wanadhani ndo chanzo. Wapo wataalamu wanabisha, eti zebaki haihusiki na msemo, haya wabishe, lakini dalili si hizo hapo?

Kilichoniuma ni kwamba bwana mkubwa alivaa kofia akapendeza, aliyemtengenezea ndo akaitwa kichaa. Sisi huku tukitaka kumsema mtu tunamwambia nati zimelegea, au wewe wa Mirembe, hospitali ya vichaa kule Dodoma, Zanzibar watakwambia Kidongo Chekundu, ya kwao, na Waingereza nao wanalo la hospitali, bedlam, limetokana na Bethlem ya London. Sawa, hospitali haina kinyongo. Sasa kazi ya mtu unaitolea wapi!

Jumapili akaja shemeji yangu, kaka yake mke wangu, yuko Geita miaka tisa anachenjua dhahabu. Huyu nilishamweka kwenye kundi la wenye dharau, haangalii mtu usoni, wageni wakija anahamia uani, na mwaka juzi aligombana na sisi wote kisa chumvi. Zamani alikuwa anatusimulia kazi yake kwa raha kabisa, unamimina zebaki kwenye karai, unakoroga na mchanga kwa mkono mtupu, inakamata dhahabu, unaikamua kwenye kitambaa kinabaki kidonge cheupe, unakichoma kwenye jiko la mkaa, na unachomea ndani shemeji, mlango umefunga, maana wezi wapo. Zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki inakuchekea. Tulikuwa tunacheka naye.

Nikamletea chai. Akakishika kikombe, kikombe na sahani vikaanza kugongana kengkeng kama kengele ya muuza aiskrimu, chai ikaruka ikaniangukia kwenye pama mbili mpya nilizokuwa nazipiga brashi. Siku nyingine ningelalamika mpaka jioni.

"Shem, unasikia baridi?"

"Kidogo tu shemeji," anaangalia sakafu.

Dar hii, Januari, feni imezima maana mita bado haijanisamehe, mimi mwenyewe shati limenigandia mgongoni. Binti yangu akacheka, akafungua mdomo, "Anko izi medi azi e..." nikamtolea jicho kabla hajafika kwenye hata.