Namba Yangu Si Dhamana ya Mkopo Wako

Ukitaka kujua mkopo wa mtandaoni umedhaminiwa na nini, usihangaike na vigezo na masharti. Tazama unachoombwa kabla hata hujataja kiasi unachotaka: ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako, meseji zako, picha zako na mahali ulipo. Unabonyeza "Ruhusu", unabonyeza tena, na tena, kwa sababu mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya michango na huna pa kushika. Elfu hamsini inaingia kabla chai haijapoa. Hakuna hati ya kiwanja iliyowekwa rehani wala kadi ya pikipiki. Rehani ni sisi tuliomo kwenye orodha yako.

Mimi nilijijua kuwa rehani siku nilipopokea meseji hii kutoka namba ngeni: "Habari DIRISHA TABATA. Mwambie ndugu yako alipe deni leo kabla ya saa kumi jioni. Wewe ni mdhamini wake. Asipolipa tutasambaza picha yake kuwa ni TAPELI." Ikafuatiwa na jina kamili la fundi aluminiamu aliyewahi kunifungia madirisha. Sikujua kama nicheke au nikasirike. Jina langu si Dirisha Tabata. Hivyo ndivyo fundi alivyonihifadhi kwenye simu yake, kwa kazi aliyonifanyia na mtaa wa Tabata, kama sote tunavyohifadhiana, na mashine ikanyakua jina hilo kama lilivyo na kunisalimia nalo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama nataka kumdhamini. Hata kiasi anachodaiwa sikuambiwa.

Tunapozungumzia mikopo hii, ambayo mtaani tumeipachika jina la kausha damu, mjadala wote huwa juu ya riba. Riba ni mbaya kweli, na siku za marejesho ni chache mno. Lakini riba ni jambo kati ya mkopaji na mkopeshaji, na aliyekopa angalau aliiona namba ile, hata kama aliiona kwa jicho moja. Kinachonikera mimi ni kwamba fundi yule alitoa ruhusa isiyo yake. Angeweza kuruhusu picha zake zitazamwe, meseji zake zisomwe. Namba yangu, ya mama yake, na ya mchungaji wake hakuwa na mamlaka ya kuzigawa. Kitufe kimoja kilichukua ridhaa ya mtu mmoja kikaihesabu kuwa ridhaa ya watu mia kadhaa, na aliyekitengeneza kitufe hicho alijua anachofanya.

Naam, najua: aibu haikuanza kutumika kama dhamana jana. Mangi wa dukani ana daftari lake, na ukizidisha siku atakutaja mbele ya wateja uone cha moto. Kwenye vikoba usiporejesha, wenzako wanakuja nyumbani na pengine wanaondoka na televisheni. Ila mdhamini wa kikoba alikaa kwenye kikao, akasikia kiasi, akaweka sahihi. Na mangi akikutukana kupita kiasi, mtaa mzima utamshangaa yeye, tena kesho anataka ununue unga kwake. Anayekutumia meseji za kausha damu hana mtaa. Leo anapiga kwa namba hii, kesho nyingine, na ofisi yake huijui iko wapi.

Wala haihitaji akili mnemba kujua nani apigiwe ili mdaiwa aumie. Orodha inajieleza yenyewe: Mama. Bosi. Shem. Mwalimu wa Junior. Kijana aliyekaa kwenye kompyuta akaandika mistari ya programu ya kunyonya majina hayo huenda ni msomi mzuri tu, analipwa mshahara, na akiulizwa atasema yeye ni mtu wa mifumo, mambo ya kudai hayamhusu. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Majina yale hayakuhitajika kutoa mkopo. Yalihitajika kudhalilisha, na yeye ndiye aliyeweka bomba.

Tena ushahidi kwamba hayahitajiki upo. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ilipoanza Kenya Novemba 2012 ilikuwa ikimpima mteja kwa historia yake ya matumizi ya simu na M-Pesa. Mfumo huo nao una maswali yake, lakini shangazi yako hakupigiwa simu.

Serikali hazijalala kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, ikawaonya wananchi wasizitumie. Google nayo, tangu tarehe 31 Mei 2023, imepiga marufuku programu za mikopo binafsi zilizomo kwenye duka lake la Play kugusa orodha ya majina na picha za mteja. Vizuri. Lakini faili la kupakua linaweza kutumwa kwa kiungo cha WhatsApp bila kupita duka lolote, na programu iliyofungiwa kwa jina moja haishindwi kurudi na jina jingine na rangi nyingine.

Kesi iliyonivutia zaidi ni ya Kenya. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliipiga kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya. Waliolalamika walikuwa wametumiwa meseji na kupigiwa simu za vitisho kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine. Yaani wenzangu akina Dirisha Tabata walisikilizwa, na kampuni ikalipishwa kwa sababu yao.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tuna Tume yake ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Leseni za majukwaa ni kazi ya Benki Kuu. Ninachotaka kukiona kutoka kwa Tume ni malalamiko ya mtu ambaye hajawahi kukopa hata shilingi, yakipokelewa na kuamuliwa, kampuni ikitajwa kwa jina, na faini ikahesabiwa kwa kila namba iliyonyakuliwa, si kwa kila mkopaji. Simu ya fundi mmoja ina watu wangapi? Piga hesabu uone kama kuna mkopeshaji atakayetamani tena kuomba ruhusa hiyo.

Kwa wakati huu, kama una programu ya aina hiyo kwenye Android yako, ingia Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa, uifungie Anwani, yaani orodha ya majina na namba. Utakuwa umewaokoa tu utakaowahifadhi kuanzia leo. Sisi tuliokwisha kunakiliwa tumo kwenye seva zao, na wewe kulipa deni hakutufuti.