SAT kabla ya KCSE, au baada yake?

Likizo ya Aprili, mpwa wangu aliketi kwenye meza ya kulia chakula ya mamake huko Umoja, laptopu ya kuazima mbele yake, na saa ya programu ya mazoezi ya SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani, ikaanza kuhesabu kurudi nyuma kutoka dakika 35. Maswali ya hesabu yalikuwa 22. Muda ulipoisha alikuwa amefika la 13. Karatasi yake ilikuwa safi ajabu: hatua moja chini ya nyingine, alama za usawa zimepangana wima, kila jibu limepigiwa mistari miwili. Ndivyo alivyofundishwa, na KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari hapa Kenya, humlipa kwa hilo, kwani hata akikosa jibu, hatua zake zina alama. SAT haina habari na hatua.

"Mjomba, kwani hawa hawataki kujua nimefikaje hapo?"

Hawataki. Tena yale tisa aliyoyaacha wazi angeyabahatisha tu, maana huko jibu lisilo sahihi halipunguzi kitu.

Kijana huyu yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni, na mwaka 2027 atafanya KCSE na darasa la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4. Anataka kusomea uhandisi Marekani. Mzazi mmoja amemwambia dada yangu kwamba asiyefanya SAT kabla ya KCSE ameshachelewa. Mwalimu wa darasa, kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno, amemwambia kwamba mshika mbili moja humponyoka. Nimewasikiliza wote wawili. Kila mmoja ana haki yake, ila naona wameisoma kalenda nusu nusu.

Hoja ya yule mzazi ni mwaka mmoja wa maisha ya mtoto. Matokeo ya KCSE ya 2023 yalitangazwa Januari 8, 2024. Ya 2024 yakatangazwa Januari 9, 2025. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya kawaida siku za kwanza kabisa za Januari. Anayengoja matokeo ndipo ajisajili SAT amepitwa kwa siku chache, na siku hizo zinamgharimu mwaka. Kwa mpwa wangu hesabu ni hii: KCSE Novemba 2027, SAT mwaka 2028, maombi mwishoni mwa mwaka huo, darasani Agosti 2029. Akiwa na SAT mkononi mapema, anaweza kuomba Desemba 2027 kwa ripoti za shule na matokeo ya mtihani wa majaribio, akaanza Agosti 2028.

Na kungoja kuna mtego ambao wazazi wengi huugundua wakiwa wameshaukanyaga. Mtoto aliyepata C+ na zaidi ataitwa na KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, kuchagua kozi, na wenzake watakuwa wanaripoti vyuoni. Akisema "acha nianze hapa Nairobi huku nikiomba kule", vyuo vingi vya Marekani vitamhesabu kama mwanafunzi anayehamia kutoka chuo kingine, na kwa huyo ufadhili huwa haba zaidi. Kwa hiyo ama anakaa nyumbani, ama anajifungia mlango. Kukaa nyumbani Umoja miezi ishirini, na majirani wanauliza kila siku "bado tu?", si jambo dogo.

Hoja ya mwalimu lakini ni nzito zaidi kuliko anavyoieleza mwenyewe. KCSE ya 2024 iliwapa wanafunzi 246,391 alama ya C+ kwenda juu, kiwango cha kuingia chuo kikuu hapa nchini. Hilo ni lango pana. Kwa familia isiyo na pesa, Marekani ni ufadhili kamili au hakuna safari, na vyuo visivyoangalia mfuko wa mwanafunzi wa kigeni wakati wa kumchagua vinahesabika: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na vingine vichache. Huko hata alama 1500 kati ya 1600 haimwahidi mtu chochote. Kuhatarisha lango pana kwa ajili ya tundu la sindano ni kamari. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit pamoja na John Manners na ambao umefikisha Wakenya wengi katika vyuo vya aina hiyo, umejengwa juu ya mpangilio huohuo: KCSE kwanza, mafunzo ya SAT baadaye.

Halafu kuna maisha ya bweni, ambayo mzazi mwenye mtoto katika shule ya kimataifa kule Gigiri au Runda hayajui. SAT sasa hufanywa kwenye kompyuta kupitia programu ya Bluebook, na Bluebook haifanyi kazi kwenye simu. Mtoto wa bweni simu yenyewe haruhusiwi. Wengi hutegemea mtihani wa Agosti kwa kuwa shule zimefungwa. Tazama basi Agosti 2025: shule zilifungwa tarehe 1, usajili wa kawaida wa SAT ukafungwa tarehe 8, mtihani ukawa Jumamosi tarehe 23, na muhula wa tatu ukafunguliwa Jumatatu tarehe 25. Mtoto anashuka kwenye matatu na sanduku lake, ana wiki moja ya kupata nafasi, wiki mbili za mazoezi, kisha anarudi moja kwa moja kwenye muhula wa KCSE. Hapo mwalimu amesema kweli tupu.

Pesa nisizizungumzie sana. Msimu wa 2024–2025 ada ilikuwa dola 68 na nyongeza ya dola 43 kwa walio nje ya Marekani, jumla dola 111, karibu shilingi 14,000. Msamaha wa ada ni wa wanafunzi wa huko, si wetu. Mazoezi hayahitaji kulipiwa kabisa, maana Bluebook ina mitihani kamili ya bure na tovuti ya Khan Academy ina masomo ya bure. Wanaokuuzia masomo ya SAT kwa bei ya karo ya muhula mzima wanakuuzia utulivu wa moyo.

Kinachonishangaza ni kwamba wote wawili wanabishania kidato cha nne, na hakuna anayetaja Desemba ya kidato cha tatu. Mwaka 2025 shule zilifungwa Oktoba 24, usajili wa SAT ya Desemba ukabaki wazi hadi Novemba 21, na mtihani ulikuwa Desemba 6. Hizo ni wiki sita nyumbani, KCSE ikiwa mwaka mzima mbele. Hesabu zinazotahiniwa (milinganyo, asilimia, takwimu, pembetatu, duara) kwa sehemu kubwa zimeshafundishwa kufikia hapo. Kalkulasi ya kidato cha nne haimo. Na KCSE ikiisha Novemba ya mwaka unaofuata, Desemba nzima inabaki ya kukamilisha maombi.

Sisemi njia hii haina matundu. Shilingi 14,000 zinatoka kabla hujajua kama mtoto ni wa A au wa B. Insha za maombi na barua za walimu bado zitadondokea kidato cha nne, na kumpata mwalimu Desemba akiwa kwao mashambani kunahitaji subira. Kiingereza cha SAT, maswali 27 kwa dakika 32, hakijengwi kwa wiki sita. Kinajengwa na mtoto anayesoma magazeti na vitabu tangu kidato cha kwanza. Kwa mtoto anayeyumba kwenye ripoti zake, ningemuunga mkono mwalimu bila kusita: afanye KCSE, angoje. Huyu wetu hayumbi, kwa hiyo nimemshauri dada yangu Desemba.

Kazi iliyobaki si ya masomo. Jina la kujisajili SAT lazima lilingane na hati yenye picha atakayoionyesha mlangoni, na kabla ya miaka 18 hakuna kitambulisho cha taifa, kwa hiyo tulienda saiba, duka la intaneti, kuomba pasipoti. Hapo ndipo tukagundua cheti cha kuzaliwa kinasema Wycliffe na rekodi za shule zinasema Wycliff. Muhula wa kwanza wa kidato cha nne shule itamsajili KCSE kwa rekodi hizohizo. Dada yangu ameenda na nakala ya cheti. Ameambiwa arudi wiki ijayo.

Kijana naye amerudia dakika zake 35. Safari hii alifika swali la 20, karatasi imejaa michoro ya kalamu, nusu ya hatua zimebaki kichwani. Nikampongeza. Mamake akaichukua karatasi, akaitazama mbele na nyuma, akamuuliza, "Na huu ndio mwandiko utakaompelekea mtahini wa KCSE?"