Msitu wa Amani Usipimwe kwa Kipimo cha Mbuga

Kuna kauli ambayo imekuwa ikinikera kwa muda mrefu, na hivi karibuni nimeisikia tena kutoka kwa mtu aliyekuwa ametoka kutembelea Amani, wilayani Muheza: "Kule hakuna kitu, ni miti tu." Alipanda kwa gari, akasimama mahali panapoonekana mashamba ya chai, akapiga picha, akashuka kabla jua halijazama. Simlaumu sana, kwa sababu ndivyo tulivyozoeshwa karibu sote: hifadhi ni simba na tembo, na mtalii ni mtu anayechungulia kutoka kwenye gari lililofunguliwa paa. Ila hitimisho lake silikubali hata kidogo, na naona ni kauli yenye madhara.

Usambara Mashariki, ulimo msitu huo wa Amani, ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima mikongwe ambayo imekuwa ikipata mvua kutokana na pepo za Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, hata katika nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka na misitu yake kupungua. Viumbe waliosalia humo walitengwa na wenzao, wakabadilika kwa namna yao. Ndiyo maana msituni Amani yupo chura asiyetaga mayai majini bali huzaa vitoto vilivyokwisha kukamilika, na yupo kinyonga mdogo mwenye rangi ya jani kavu ambaye makazi yake ya asili ni Usambara Mashariki tu. Mchana unaweza kumpita kinyonga huyo mara nyingi bila kujua. Usiku hupanda kijiti chembamba kando ya njia akalala, rangi yake ikafifia, na mwenyeji anayepitisha tochi taratibu kwenye vichaka vya chini humwona papo hapo. Mtu aliyeondoka kabla ya jua kuzama hakuwa na namna ya kumwona.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya ua moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, alikuta mmea mdogo wenye maua ya zambarau, akaupeleka kwao. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliuandika rasmi kwa jina la Saintpaulia. Tangu hapo umezalishwa na kuuzwa kwa wingi, na leo umo vyunguni madirishani Ulaya na Marekani, mikononi mwa watu wengi ambao hawajawahi kusikia jina la Muheza. Sisi tulio karibu nao tunapita mbele ya mwamba unaoota bila hata kugeuza shingo. Nimepiga magoti kuutazama: majani manene yenye vinyweleo laini vilivyoshika matone, mizizi imejipenyeza kwenye ufa wa jiwe lenye unyevu, na mbele yake maua machache yasiyozidi upana wa sarafu. Uhai wake wote unategemea kivuli. Ukikatwa mti mkubwa ulio juu yake, jua linaingia, mwamba unakauka, na mmea unakufa bila mtu kuugusa. Kwa hiyo wanaodai barabara pana zaidi ndani ya msitu na sehemu zilizofyekwa ili mandhari yaonekane vizuri wajue kwamba wanadai kuondolewa kwa kile kile kinachostahili kutembelewa.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba kupanda Amani wakati wa masika ni taabu, na kwamba mwenye watoto wadogo ana haki ya kutaka mahali pazuri pa kulala. Hayo yarekebishwe, lakini nje ya msitu.

Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997, ina takriban hekta 8,380, na inaanzia chini kabisa upande wa Zigi hadi zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Atakayeipanda kwa miguu atahisi joto la bondeni likimwacha polepole, ataona miti ikibadilika, atapita kando ya mashina ambayo mizizi yake imesimama juu ya ardhi kwa kimo cha kumzidi mtu, na kabla hajawaona hondohondo atasikia mbawa zao zikivuma juu ya vilele. Ndege hao hao hula matunda ya Maesopsis, mti ulioletwa na wapanda misitu kutoka nje ya milima hii, wakasambaza mbegu zake hadi kwenye maeneo yaliyowahi kukatwa mbao, ambako umeota kwa wingi na kuibana miti ya asili. Jambo kama hilo huwezi kulijua kwa kutazama tu, bali unaambiwa na mtu aliyekulia hapo, mkiwa mmesimama chini ya mti wenyewe. Na wakazi wa jiji la Tanga, ambao maji yao hutoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, wana sababu nyingine kabisa ya kuupenda msitu huu.

Ninachowaomba wanaoandaa matangazo ya utalii ni kwamba waache kuinadi Amani kwa picha za mbali za vilima vya kijani, kana kwamba haina kingine. Waweke picha ya kinyonga kwenye kijiti na ya ua kwenye mwamba, waeleze wazi kwamba mgeni atatembea kwa miguu na kwamba anapaswa kulala angalau usiku mmoja. Kama fedha ni chache, zianzie kwa vijana wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wanaoongoza wageni: wafundishwe majina ya kitaalamu ya mimea ambayo tayari wanaijua kwa lugha zao, wapewe tochi nzuri, na walipwe ujira unaowatosha kuifanya kazi hiyo mwaka mzima.